Mara Saba Huko Mukalla

Jumatatu, 6 Mei 2024

Daftari hili nimepewa na nesi wa Kismayo kwa sharti moja tu: kila siku niandike kama kidole gumba cha mguu kimesogea. Basi naandika. Cha kulia hakikusogea. Cha kushoto hakikusogea.

Nesi alidhani mstari mmoja kwa siku utanitosha. Hanijui. Mimi nimefika Mukalla ya Yemeni, nimefika Dubai, nimepika wali kwenye meli mpaka Bombay na nahodha wa Kihindi akalamba sahani mbele ya mabaharia wake. Shule niliishia darasa la tano, kule kambini Mombasa tulikokimbilia wakati wa vita, na mwalimu alisema mwandiko wangu ni mzuri kuliko tabia yangu. Jina langu Abdulrazaq. Kisiwa chetu kizima cha Chovae kinaniita Razaku. Miaka arobaini na mmoja. Kuanzia kitovu kwenda chini, huu mwili nimeazimwa, si wangu.

Yaliyonifika ni haya. Tarehe 28 Aprili tulikwenda kuokota majongoo ya bahari, mimi na Badi, kwenye mashua ya Hussni. Majongoo yanakaa chini, pima ishirini. Tunashuka na mpira wa hewa mdomoni, na kompresa iliyo mashuani inatusukumia hewa. Badi alishuka mara ya sita, hakuvuta mpira kutoa ishara, hakupanda. Nikamfuata. Nikampandisha mbio mbio, naye keshakufa. Nilikaa nikaomba maji ya kunywa. Nilipotaka kusimama, miguu haikuja.

Nesi anasema ukikaa chini sana kisha ukapanda haraka, hewa inafanya mapovu ndani ya damu, kama soda iliyotikiswa. Mashine ya kutibu jambo hilo haipo huku kwetu. "Ukandwe, umwombe Mungu, na uandike," kaniambia.

Nimeandika.

Jumanne, 7 Mei

Vidole: kimya.

Alhamisi, 9 Mei

Leo kaja Mwanabibi, mama yake Badi, na chupa ya mafuta ya simsim aliyoyachemsha na vitunguu thomu. Mke wangu Dalila akamzuia mlangoni.

"Mama, wewe una msiba wako. Kaa upumzike, tutamtafuta mkandaji mwingine."

"Mwingine nani atakayemshika mwanamume mapaja? Huyu ni wangu. Badi alinyonya kulia, huyu kushoto, na huyu ndiye aliyekuwa mlafi. Nipishe."

Ni kweli. Mama yangu mzazi alishikwa na homa baada ya kunizaa, na Mwanabibi alikuwa kajifungua Badi wiki ile ile, akatunyonyesha wote wawili. Kwa hiyo yeye ni mama yangu kisheria, na anaweza kunikanda bila ulimi wa mtu kufanya kazi. Ndiye anayekanda wanawake wote wa Chovae wanaojifungua na migongo ya wavuvi wote. Vidole gumba vyake vinaweza kutoboa mbao. Leo vimenikanda tangu baada ya adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, na mimi nimesikia sawa na ukuta unavyosikia.

Alipomaliza akanifunika miguu. Akasema, "Wangapi wamekwenda baharini wasionekane. Wewe uliniletea mwanangu nikamwona uso. Mungu akulipe."

Nikageuza uso ukutani. Dalila akanitazama sana, maana hajapata kuniona nikikosa jibu.

Jumapili, 12 Mei

Vidole: kimya. Wageni: kumi na mmoja. Nimesimulia mara nne namna nilivyomfuata Badi chini. Mara ya nne kulikuwa na papa.

Jumanne, 14 Mei

Kimya.

Jumatatu, 20 Mei

Upepo wa kusi umeshika. Mashua zote zimepandishwa juu, Kismayo hakuendeki wala hakuji mtu kutoka huko. Mchanga unaingia mpaka ndani ya chai.

Hussni alikuja. Kaingia na kelele zake, "Waryaa, shujaa wetu! Mpaka kisiwa cha Kudha wanakutaja!" Dalila alipokwenda kupika kahawa, akasogea akaketi karibu na sikio langu.

"Lile neno la leso," kasema, "halikusikiwa na mchu yeyote ila mimi. Bahari imeshaliosha. Usije ukalikumbuka."

Nikasema, "Neno gani?"

Akanipiga bega. "Vizuri hivyo."

Sasa naandika, maana daftari halina mdomo. Siku ile Badi, baada ya mara ya tano, alisema basi. Alisema mabega yanamuuma na ngozi inamwasha. Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mimi Mukalla nilikuwa nikishuka mara saba kabla ya adhuhuri, nikapanda nikapika. Kama umechoka nikupe leso ya Dalila ujitande, ukakae na wanawake uchambue mchele." Hussni akacheka. Badi naye akacheka, akachukua mpira.

Hilo ndilo neno la leso.

Jumatano, 22 Mei

Mwanabibi kanikanda. Vidole kimya. Mimi pia kimya.

Alhamisi, 30 Mei

Upepo, upepo, upepo. Samaki hakuna, tunakula muhogo na chai. Nimejichafua kitandani mbele ya mkwe wangu, mamake Dalila. Sitaandika zaidi ya hapo, na aliyezoea kunisikia nikijisifu asome mstari huu mara mbili.

Jumatatu, 3 Juni

Nimemwambia Dalila akitaka nimwache, nitamwacha kwa heshima, aolewe na mtu mwenye miguu.

Akasema, "Kwani mimi niliolewa na miguu? Ungekuwa na miguu mizuri ningesema. Geuka nikuoshe."

Jumapili, 16 Juni. Iddi

Walinibeba kwenye kiti mpaka msikitini, watu wanne, kama sultani mwizi. Nimewachekesha njia nzima. Imamu kaniombea dua kwa jina, kanitaja kuwa ni mfano wa ndugu. Wote wakasema amin. Mimi mwenyewe nilisema amin. Kisha nikainamisha kichwa, na waliokuwa karibu wakadhani namlilia Badi.

Mchana akaja Idarus kunipa mkono wa Iddi. Ni ndugu yake Badi, wa mwisho kwa Mwanabibi, ana miaka ishirini na saba, kifua kama mlango. Sasa ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani kwao. Kaketi miguuni pangu kwa adabu.

"Kaka Razaku, kusi likilegea nitashuka mimi. Hussni kanipa nafasi ya Badi."

Nikamuuliza kama mama yake anajua.

"Anajua. Analia, lakini anasema kazi ni kazi. Mimi nataka unifundishe. Badi alikuwa akituambia kila siku, Razaku alishuka mara saba Mukalla. Inawezekanaje? Unapumuaje?"

Nilikuwa na pande la nyama mdomoni. Nimelitafuna mpaka likawa maji.

Nikamwambia, "Tutazungumza."

Jumatatu, 17 Juni

Vidole kimya. Usingizi pia.

Jumamosi, 22 Juni

Nimemwita Idarus. Nimemwambia majongoo yameisha. Nimemwambia kompresa ya Hussni ni mbovu. Nimemwambia pale chini pana jini. Kijana kacheka mpaka kashika mbavu.

"Kaka, wewe ulikwenda bila kuogopa. Mimi nimenyonya titi lile lile."

Mtu akidanganya miaka ishirini kisha akataka kuonya, huwa na sauti ya nani?

Jumanne, 9 Julai

KIDOLE KIMESOGEA. Cha kulia. Saa nne asubuhi. Nimekiona kwa macho yangu, Dalila kakiona, paka kakiona. Nilikiamuru kwa Kibajuni hakikusikia, nikakiamuru kwa Kisomali, kikainama kidogo kama mtu anayesalimia kwa kiburi. Nimepiga ukelele, majirani wakaja mbio wakidhani nimekufa. Nimewaonyesha wote. Nimewaambia ni kidole cha kwanza katika pwani yote hii kufufuka. Nikakisogeza mara tisa, mara ya kumi kikachoka.

Mwanabibi aliitwa. Akapiga magoti, akakishika kile kidole kwa mikono miwili kama kifaranga. Akasema, "Badi angefurahi."

Alilia. Mimi nikalia. Dalila akalia. Sote watatu tulikuwa tukilia, na mimi pekee nilikuwa nikililia jambo jingine.

Sikula chakula cha mchana.

Ijumaa, 12 Julai

Kulia: ndiyo. Kushoto: kimya bado.

Jumatano, 17 Julai

Nimefanya hesabu ya woga wangu. Nikimwambia Mwanabibi, ataondoa mikono yake, na mkandaji mwingine kama yeye hayuko visiwa vyote hivi, na kama yuko hawezi kunigusa. Mguu wa kushoto utabaki ulivyo. Watu wataondoa jina walilonipa. Nisipomwambia, Idarus atashuka mara ya sita na mara ya saba kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, yule Razaku wa Mukalla.

Kwa maana Mukalla sikushuka hata mara moja. Na hili sijawahi kuliandika wala kulisema. Miezi kumi na minne nilikuwa jikoni mwa meli bandarini nikimenya vitunguu. Majongoo niliyaona sokoni, yamekauka. Kushuka na mpira nimejifunza hapa hapa Chovae, kwa kumtazama Badi na kumwiga.

Jumapili, 28 Julai

Vidole vyote vya kulia, na goti likisukumwa linarudisha. Kushoto, kidole kimoja. Mwanabibi anasema damu imekubali.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimesimama. Dalila amenichongea mikongojo miwili ya mkoko. Nimesimama muda wa kusoma Alhamdu, nikaketi nikatokwa na jasho kama mwizi. Hussni alipita akaona. "Shujaa kasimama!" Upepo umeanza kupungua. Jana walianza kuisiriba na kuiziba nyufa mashua yake.

Jumatatu, 19 Agosti

Kesho.

Jumanne, 20 Agosti

Mwanabibi alikuja baada ya adhuhuri kama kawaida. Akaanza na mguu wa kushoto. Akanisimulia kwamba eda ya Saada, mjane wa Badi, inakwisha mwanzo wa mwezi ujao, na kwamba Idarus kanunua miwani mpya ya kuzamia, anaivaa ndani ya nyumba, anawatisha watoto. Alicheka kidogo. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Aprili, na nilitamani kuahirisha. Nilitamani sana.

Nikasema, "Mama, acha kwanza."

"Nakuumiza?"

"Hapana. Badi hakutaka kushuka mara ya sita."

Vidole gumba vyake vikasimama, kimoja juu ya goti, kingine chini yake.

"Alisema mabega yanamuuma. Alikuwa kashavua miwani ya kuzamia. Mimi ndiye niliyemcheka. Nilimwambia kama kachoka nimpe leso ajitande akae na wanawake. Nikamwambia Mukalla mimi nilishuka mara saba."

Kuku alikuwa akiparura nje ya dirisha.

"Ulishuka saba?" kaniuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza bei.

"Sikushuka hata moja. Nilikuwa mpishi. Nilikuwa namenya vitunguu."

"Na Badi alijua?"

"Hakujua, mama. Mpaka anakufa aliamini."

Sikumtazama. Nilitazama dari, nikahesabu boriti, nikasahau, nikahesabu tena. Nilingoja anipige. Nilingoja alie. Akavuta mguu wa kulia, akaupaka mafuta, akaanza kuukanda, polepole, mpaka kwenye kisigino, bila kuruka kitu. Yeye mwili haukandi nusu. Ndivyo anavyowafundisha wanawake wengine, kwamba ukiuacha nusu unaudhuru. Alipomaliza akapangusa mikono, moja moja. Akanifunika. Akavaa viatu mlangoni, akakosea cha kulia na kushoto, akarekebisha, akaenda zake.

Dalila alikuwa jikoni. Kuta zetu ni za udongo, na masikio yake mazima.

"Miezi minne," kasema. "Miezi minne unaniacha nasimama mlangoni napokea pongezi."

Chakula kakiweka mbali kidogo na mkono wangu. Nikakifikia mwenyewe.

Jumatano, 21 Agosti

Hakuja.

Alhamisi, 22 Agosti

Hakuja.

Jumapili, 25 Agosti

Hakuja. Dalila ananikanda yeye, bila neno, kama anayefua nguo ya mtu asiyempenda. Mguu wa kushoto umekaza tena.

Jumatano, 28 Agosti

Nilidhani Mwanabibi atamwambia Idarus na shughuli itakwisha. Leo Idarus kapita dirishani akinisalimia, "Kaka Razaku, bado siku kumi!" kwa furaha ile ile. Hajui kitu. Nikamtuma Dalila kwa Mwanabibi aulize. Dalila karudi na jibu, kalitoa neno kwa neno:

"Maneno ya Razaku ni ya Razaku. Sitayabeba mimi kumpelekea mwanangu. Razaku ana mdomo, na nasikia sasa ana mikongojo."

Alhamisi, 29 Agosti

Hatua nne. Nikaanguka.

Jumapili, 1 Septemba

Hatua kumi na moja. Kutoka mlangoni kwangu mpaka pwani ni hatua mia mbili na zaidi, Dalila kanihesabia. Ningeweza kumwita Idarus aje hapa. Lakini uwongo ule niliusema mbele ya wanaume, juu ya maji, na sifa zangu nimezila mbele ya watu wote.

Jumatano, 4 Septemba

Thelathini. Nimepumzika, tena thelathini. Eda ya Saada imekwisha. Wanawake wamekwenda kumwogesha.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilitoka baada ya sala ya alfajiri. Nilifika jua likiwa juu ya minazi. Nimeanguka mara tatu, na ya pili nilianguka juu ya samaki wa mtu waliokuwa wanakaushwa. Dalila alikuwa nyuma yangu tangu mlangoni. Nilimwomba asinishike.

Mashua ya Hussni ilikuwa imekwisha shushwa, na kompresa inanguruma wanaijaribu. Wanaume kama kumi na tano. Idarus alikuwa na mpira begani na miwani yake kipajini. Waliponiona wakapiga makofi. Shujaa kaja kwa miguu yake! Mmoja akaniletea kibao nikae. Sikukaa.

Nikapaza sauti juu ya ile injini. Nikasema Badi hakutaka kushuka, mimi nilimdhihaki mpaka akashuka. Nikasema Mukalla nilikuwa mpishi. Nikasema mara saba ni uwongo, sikupata kushuka saba popote, na mwanadamu akishuka hivyo anakufa au anakuwa kama mimi.

Wakacheka.

Wallahi walicheka. Mmoja kauliza, "Na yule papa, Razaku, naye alikuwa akimenya vitunguu?" Wakashikana mikono kwa kicheko. Idarus naye alicheka, kwa heshima, kama mtu anavyochekea mzaha wa mkubwa wake. Nilisimama pale na ukweli mdomoni na hakuna aliyeutaka, kwa kuwa umetoka kwangu.

Hussni akasema, "Ana homa huyu. Mrudisheni kwake."

Nikasema, "Hussni, wewe ndiye uliyekuwa umeshika mpira wa Badi. Nilimwambiaje?"

Akawatazama wengine, akitafuta aliyebaki anacheka. Kisha akamtazama Idarus, na ule mpira begani kwake. Sijui aliona nini. Nimemjua Hussni miaka thelathini, nimemwandika vibaya humu, na leo nimeona uso wake ukizeeka mbele yangu. Akainama akazima kompresa.

Maji yakasikika yakigonga ubao.

"Alimwambia kama kachoka ampe leso," kasema. "Badi alisema mabega yanamuuma. Na mimi nilicheka."

Idarus kaweka mpira chini. Kanijia. Nilikaza mikono kwenye mikongojo nikasema moyoni, na anipige tu. Hakunipiga. Alininyang'anya mkongojo mmoja, akaurusha majini mbali alivyoweza, nikaanguka kifudifudi mchangani. Akapita juu yangu akaenda kwao. Hakuna aliyeniinua, na sikuwa na haki ya kuinuliwa. Mmoja mmoja wakaondoka. Hussni aliondoka wa mwisho, kaiacha mashua yake ilivyo.

Dalila kaingia majini na nguo zake mpaka kiunoni, karudi na mkongojo.

"Umesema yote?"

"Yote."

"Basi inuka. Jua kali."

Jumapili, 8 Septemba

Wageni: hakuna. Kulia: ndiyo. Kushoto: kimekaza.

Jumanne, 10 Septemba

Idarus kaenda baharini na nyavu, na mjomba wake. Nyavu, si mpira. Dalila kaniambia kutoka jikoni, bila kutoa kichwa.

Alhamisi, 12 Septemba

Alasiri Mwanabibi kaja. Hakupiga hodi. Kasimama mlangoni, na mimi nilikuwa sakafuni nikijaribu goti.

"Sikuja kusamehe," kasema. "Nimekuja kuuliza. Miezi yote hii umenisimulia habari za Badi, na sasa sijui ipi yake na ipi yako. Nataka za kwake. Siku ile, kabla hamjatoka pwani, alikula nini?"

Ulimi wangu nimeujua tangu utoto. Niliusikia kabisa ukijiandaa. Ulikuwa ushapata nazi, ushapata samaki wa kupaka, ushapata neno tamu ambalo Badi angelisema juu ya mapishi ya mama yake. Nikaungoja utulie.

"Muhogo wa jana," nikasema. "Na chai. Chai ilimwagika, akanywa nusu."

"Alisema nini?"

"Alisema mvua inakuja. Haikuja."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Akakaa kitako juu ya mkeka, akateremsha ushungi begani, akakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye kiwiko. Akatazama mkeka kana kwamba ule muhogo na ile nusu ya chai vimewekwa hapo.

Kisha akasema, "Lete mguu."

Nikauleta.